Kibali cha Erica

Kabla sijaisema serikali vibaya, niiseme kwanza vizuri: ukitaka kusafirisha mbuzi kutoka kijijini kwetu Chitulilo, utahudumiwa mpaka ushangae. Utamkuta Nikodemo kwenye meza yake pale mnadani tangu saa moja asubuhi, gambuti mguuni hata kiangazi, kalamu tatu mfukoni, mhuri ndani ya kopo la maziwa ya unga. Atamkagua mbuzi wako mdomo, macho, kwato na mkia. Atauliza umri wake, anakwenda kwa nani na kufanya nini. Ataandika yote hayo polepole, kwa mwandiko wa mtu aliyefundishwa na masista. Kibali chake kina nakala tatu. Moja inabaki kitabuni, ya pili inasafiri na mbuzi na kubaki naye huko aendako, ya tatu inagongwa mhuri kila kizuizi, inasainiwa na anayempokea, kisha inarudi kwa Nikodemo. Isiporudi ndani ya siku saba, Nikodemo hali chakula. Mkewe Ester atakuthibitishia, maana ndiye anayebaki na ugali wa watu wawili.

Ni afisa mifugo wa kata yetu kwa mwaka wa ishirini na sita sasa. Ukikutana naye njiani atakusalimu kwa Kigogo, "Mbukwa," kisha ataulizia hali ya ng'ombe, halafu mbuzi, halafu kuku, na kama hana haraka, mumeo. Msibani anahesabu waombolezaji wakati sisi tunalia, na jioni anawaambia wafiwa jumla, akidhani anawafariji. Kwenye harusi ya binti yangu Violeth alimtazama bwana harusi kwa muda mrefu, akaniinamia sikioni na kusema, "Meno yake mazima, Mama Violeth." Mpaka leo sijui kama nilipaswa kumshukuru au kumtoa ukumbini.

Mimi ninauza supu hapo hapo mnadani, hatua kumi kutoka meza yake, kwa hiyo ninayoyasimulia niliyaona kwa macho haya, mengine nikiwa na mwiko mkononi.

Ilipoundwa Kamati ya Ulinzi wa Mtoto ya kijiji, waliteuliwa watu wanne. Katekista, kwa sababu kila kamati lazima iwe naye. Mwalimu mkuu, kwa sababu ana vyumba vya kukalia. Mimi, kwa sababu vikao vinahitaji chakula. Na Nikodemo, kwa sababu ndiye mtu pekee katani mwenye pikipiki ya serikali. Kusema kweli iliyoteuliwa ni pikipiki, Nikodemo alikuja nayo tu.

Nikapewa pia uandishi. Ninalo daftari la vikao, nalitunza kwenye sanduku pamoja na vitenge, na nikilisoma siku hizi naona aibu. Kikao cha kwanza: wajumbe walijitambulisha, ingawa wote tumezaliwa Chitulilo na tunajua hadi nani aliwahi kuiba papai la nani. Kikao cha pili: suala la Erica lililetwa mezani, likaonekana ni zito. Kikao cha tatu: suala la Erica liliendelea kuwa zito. Kikao cha nne: soda zilichelewa.

Sasa niwaeleze huyo Erica. Ana miaka tisa. Mama yake alifariki Erica akiwa na sita, baba yake akaenda machimboni na hatujamsikia tena. Mtoto akabaki kwa baba yake mdogo, Daudi, mtu wa kuchekesha watu dukani na wa fimbo nyumbani. Shule akaachishwa, akapewa mbuzi achunge. Akahamishiwa kulala bandani na mbuzi hao, Daudi akisema wanahitaji mlinzi. Hapa sina utani. Siku moja alikuja kuniomba supu, kanga ikamteleza, nikauona mgongo wake. Nilimpa bakuli, akala amesimama, anatazama nyuma kila kijiko. Baada ya hapo mimi mwenyewe sikuweza kula.

Kamati iliandika barua. Ilipitia kwa mtendaji wa kijiji, ikaenda kata, ikafika wilayani, ofisi ya ustawi wa jamii. Wilaya yetu siitaji jina kwa sababu bado naishi humo. Baada ya wiki sita barua ilirudi na maelezo kwamba tumeandika kwenye karatasi ya mistari, na kinachotakiwa ni fomu. Tukaitafuta fomu, tukaipata, tukaijaza vizuri mpaka kipengele cha mwisho, ambacho kilitushinda: sahihi ya mlezi, akikubali shauri la mtoto lifunguliwe.

Mlezi ni Daudi. Kwa hiyo katekista wetu, mtu mwema ambaye Mungu amlinde na akili zake mwenyewe, alivaa koti akaenda kumwomba Daudi asaini kwamba Daudi anampiga mtoto. Daudi alimkaribisha vizuri, akampa togwa, akasema ataitafakari. Katekista alirudi na fomu ikiwa haina sahihi, akasifu togwa. Erica ndiye aliyeilipia ziara ile, kwa mgongo uleule, na sisi hatukuliandika hilo daftarini.

Nikodemo akasema basi twende wenyewe. Akanipakia kwenye pikipiki, mimi na fomu na chupa ya supu ya kumlainisha mkubwa yeyote tutakayemkuta, tukaenda wilayani. Ofisi ya ustawi ilikuwa meza moja kwenye korido, upande huu viti vilivyovunjika, upande ule maboksi ya fulana za sherehe zilizopita za Siku ya Mtoto. Nyuma ya meza alikaa kijana anaitwa Romani, mwembamba, mwenye adabu, amechoka kuliko umri wake.

"Shikamooni," alisema, akasimama akanipisha kiti chake, maana kingine kizima hakikuwepo.

Alitusikiliza mpaka mwisho. Kisha akatuandikia mambo kwenye kipande cha karatasi, ili tuelewe. Afisa ni yeye mmoja, kata ni kumi na tisa. Gari lipo, lakini ni la idara zote na mafuta yake huja kila baada ya miezi mitatu, yakija. Bila kumtembelea mtoto hawezi kuandika ripoti. Bila ripoti hawezi kutoa barua ya kumhamisha. "Na nyinyi msimhamishe bila barua," alisema, "maana hapo Daudi atawashtaki kwa kuiba mtoto, na atashinda."

"Pikipiki iko nje," Nikodemo alimwambia. "Panda twende sasa hivi."

"Ya mifugo? Siruhusiwi, baba. Akinikuta mkaguzi nitamwambia nini?"

"Mwambie unakwenda kwa mtoto."

"Kwenye daftari lako la safari kuna sehemu ya mtoto?"

Nikodemo hajawahi kudanganya kuhusu daftari maishani mwake. Akakubali kwamba haipo. Kuna chanjo, kuna josho, kuna ukaguzi wa nyama.

"Basi tuvute subira," Romani alisema, na niliona anaona haya. "Suala liko kwenye mchakato."

Kama ningepewa nchi hii kwa siku moja, ningeanza kwa kulipiga marufuku neno hilo. Niliondoka na chupa yangu ya supu, sikumpa hata kikombe. Baadaye nilijuta, kwa sababu yule kijana alikuwa hajala.

Si kwamba Erica hakuwa na pa kwenda. Alikuwa na bibi yake mzaa mama, Angelina, anaishi Gulwe karibu na reli, ana chumba, ana kuku, shule anaiona kutoka mlangoni. Bibi huyo alikuja Chitulilo mara mbili kumdai mjukuu wake. Mara ya kwanza Daudi alimfukuza kwa maneno, mara ya pili kwa mbwa. Akaenda kulalamika wilayani kwetu, wakamwambia alete cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Cheti hakipo, hakikuwahi kuwepo. Ng'ombe wote wa Chitulilo walishavalishwa hereni za namba, kampeni ilipita nyumba kwa nyumba ikaisha kwa wiki mbili, na Daudi mwenyewe ana ng'ombe saba wanaotambuliwa na taifa. Erica hakutambuliwa na mtu.

Mwezi wa saba tangu barua yetu ya kwanza, siku ya mnada, alikuja mchunga ng'ombe mmoja anaitwa Joshua, ana kundi analiswaga kwenda porini upande wa Kiteto. Akasimama mezani kwa Nikodemo kuchukua kibali. Ng'ombe ishirini na wawili. Nikodemo akainuka, akazunguka kundi akihesabu, akakagua hereni moja moja. Alipofika nyuma akasimama. Nyuma ya ng'ombe wa mwisho alikuwepo Erica, ana fimbo na furushi.

"Na huyu?"

"Wa Daudi," Joshua alijibu. "Nimepewa anisaidie kuswaga. Atabaki huko huko zizini."

Nilisikia, na mwiko ukanidondoka chunguni. Kutoka kwetu hadi kwenye mazizi hayo ya porini ni siku nyingi za miguu, na hawakai mahali pamoja. Romani asiyeweza kufika Chitulilo asingefika huko hata apewe ndege. Erica akishapita lile geti la mnada, ndiyo basi.

Nikodemo alirudi mezani, akaisoma fomu ya kibali juu hadi chini, mbele na nyuma, fomu aliyoijaza kwa miaka ishirini na sita. Inauliza rangi ya ng'ombe. Inauliza umbo la pembe. Hakuna mstari unaouliza ni mtoto wa nani anayetembea nyuma yao.

"Kundi lako haliwezi kutoka," alimwambia Joshua.

"Kwa nini, mzee?"

"Umetaja ishirini na wawili. Mimi nimehesabu ishirini na watatu."

"Wa ishirini na tatu si ni huyu mtoto?"

"Ana hereni?"

"Hana."

"Ana cheti cha chanjo?"

"Sijui mimi."

"Ana kibali?"

"Mzee, mtoto hahitaji kibali."

"Ndiyo shida yetu," Nikodemo alisema. "Lakini hapa uko mnadani kwangu. Ninaweza kukuandikia ng'ombe hawa sasa hivi. Nikikuta ndani ya kundi kuna kisichoandikwa, kundi zima linarudi nyuma, karantini, siku ishirini na moja."

Nataka mtuelewe watu wa huku. Sisi tutabishana na katekista, tutabishana na hakimu, tutabishana na mama mkwe akiwa mahututi. Hatubishani na karantini. Joshua hakuuliza swali la pili. Alimshika Erica mkono, akamleta mezani, akaliweka furushi lake chini kwa heshima kama anakabidhi ofisi, akachukua kibali chake cha ishirini na wawili na kwenda zake.

Kisha Nikodemo akanigeukia.

"Mama Violeth, nimefanya nini?"

"Umemzuia."

"Nimemzuia kama nani? Sina barua. Huu ni wizi." Alijipangusa jasho kwa karatasi ya kaboni, paji la uso likawa la bluu. "Mnyama nikimzuia, ama namrudisha kwa mwenyewe, ama namwandikia kibali cha kwenda kwingine."

"Basi mwandikie," nilisema. Nilisema kwa hasira tu, nikasahau ninaongea na mtu ambaye ukimwambia kitu anakifanya.

Akafungua kitabu. Palipoandikwa aina ya mnyama alipiga mstari, akaandika "Mtoto". Jinsia, akafuta jike kwa rula, akaandika msichana. Idadi, mmoja. Kutoka Chitulilo kwenda Gulwe. Mpokeaji, Angelina, bibi mzaa mama. Madhumuni ya safari yako matatu yamechapwa tayari, unachagua moja: kuchinja, kuuza, kufuga. Aliyatazama hayo matatu muda mrefu. Mwisho akaongeza la nne kwa mkono: kulelewa.

Mhuri ulikuwa haujakauka Daudi alipofika, kapewa habari. Watu wakaacha kupatana bei wakasogea.

"Nani kakupa ruhusa kumzuia mtoto wangu?"

"Ni wako?" Nikodemo alimuuliza, paji bado la bluu.

"Wangu. Niko kama baba yake."

"Umefika wakati mzuri, kuna sehemu ya afya sijaijaza. Mama Violeth amemwangalia mgongo sasa hivi, ameona majeraha kumi na moja, mawili mabichi. Ukikutwa unasafirisha mnyama aliyeumizwa kwa kipigo, mwenye mali anaandikwa jina, anasaini, na nakala inakwenda polisi siku hiyohiyo na gari la mnada. Sheria ya mifugo inasema hivyo, mimi ninajaza tu. Saini hapa kwenye mwenye mali."

Akamsogezea kalamu. Daudi aliitazama kalamu, akautazama mhuri. Kwa miezi saba huyu mtu hakumwogopa katekista, hakumwogopa mwalimu mkuu, fomu ya ustawi aliinywea togwa. Sasa alirudi nyuma hatua moja.

"Huyu si mnyama," alisema.

Nikagundua ilikuwa mara ya kwanza kumsikia Daudi akisema hivyo. Hakusaini. Alisema tuandike tunavyotaka, yeye hayumo, akaondoka, na watu aliowachekesha miaka yote dukani hawakucheka.

Erica alikuwa amekaa kwenye ndoo yangu iliyofunikwa. Akaomba aione karatasi. Aliisoma kwa kidole, polepole, maana shule alikuwa ameisahau kidogo.

"Hii nakaa nayo?"

"Moja unakaa nayo wewe," Nikodemo alimwambia. "Nyingine bibi anaisaini, inarudi kwangu."

"Isiporudi?"

"Ninakuja kukutafuta."

Erica alimtazama kama anayesubiri sehemu nyingine ya jibu. Haikuwepo nyingine. Akaikunja karatasi mara nne, akaiingiza ndani ya gauni. Mimi niligeuka nikakoroga supu, ambayo haikuhitaji kukorogwa.

Kulikuwa na lori la mbuzi kumi na wanne linapita Gulwe. Nikamwachia Violeth chungu, nikapanda mbele na mtoto. Kwenye kizuizi cha mifugo tukasimamishwa na Wilbert, ambaye sifa yake inajulikana mkoa mzima: aliwahi kumzuia kondoo wa mbunge. Akahesabu mbuzi, kumi na wanne, akagonga mhuri. Akasoma kibali cha pili. Akakisoma tena. Akaja dirishani.

"Huyu ndiye mtoto mmoja?"

"Ndiye," nilisema.

Alihesabu kabisa, kwa kidole. "Mmoja," akasema.

"Shikamoo," Erica alimwamkia.

"Marahaba. Miaka?"

"Tisa."

Akalinganisha na karatasi. "Huyu anayekupokea unamfahamu?"

"Ni bibi yangu."

"Na unataka kwenda?"

Swali hilo halimo kwenye kibali, aliliongeza Wilbert mwenyewe. Katika miezi saba ya barua na vikao na fomu, hakuna aliyekuwa amemuuliza Erica anataka nini, na ninajitaja mimi wa kwanza. Erica alisema ndiyo. Wilbert akagonga mhuri kwa nguvu, kisha akapata tabu na daftari lake la siku, kwa kuwa halina safu ya watoto. Akamwandika kwenye "Wengineo", safu ya punda na bata mzinga.

Bibi Angelina hajui kuandika. Nilimshika kidole nikakibonyeza kwenye wino, naye wakati wote huo mkono mwingine haukutoka kichwani kwa mjukuu wake. "Hii ndiyo barua ya serikali waliyokuwa wananiambia niisubiri?" aliniuliza. Nikamwambia ndiyo, ni ya serikali. Idara sikuitaja.

Karatasi ilirudi siku ya tatu na dereva wa lori. Nikodemo akala.

Tukadhani yameisha. Mwisho wa mwezi simu yake ikaita hapo mezani, akaiweka kwa sauti kubwa kwa sababu alikuwa amemshika beberu mdomo. Alikuwa mtu wa takwimu za mifugo wilayani.

"Kwenye ripoti ya kizuizi kuna wengineo mmoja ametoka kwako. Ni mnyama gani?"

"Ni Erica, mkuu."

"Erica ndiyo mnyama gani?"

"Mtoto, mkuu."

"Mtoto wa nini? Wa punda?"

"Wa marehemu Anyesi, aliyekuwa anaishi pale nyuma ya shule."

Simu ikakatwa. Siku ya pili yake, saa tatu asubuhi, gari la wilaya likaingia Chitulilo. Ndilo lilelile lisilokuwa na mafuta. Kwa Erica lilishindwa miezi saba, kwa ukurasa mmoja wa kitabu cha vibali lilikuja kwa siku moja, tangi limejaa. Alishuka mkuu wa idara, akashuka mkaguzi, akashuka mwanasheria, na nyuma kabisa, kwa kuwa nafasi moja ilikuwa imebaki, akashuka Romani.

Walimhoji Nikodemo darasani, amekaa dawati la darasa la pili, magoti yamegusa kidevu. Kamati tuliruhusiwa kusikiliza.

"Unakubali umetumia nyaraka ya serikali isivyotakiwa?" mkuu wa idara aliuliza.

"Ninakubali, mkuu."

"Kwa nini ulimwandika mtoto kwenye kitabu cha mbuzi?"

"Kwa sababu karatasi ya mbuzi inarudi," Nikodemo alisema. "Mbuzi akitoka hapa, nisiposikia amefika, nauliza. Kizuizi nacho kinauliza. Nyinyi wa wilayani mtaniuliza, kama mlivyouliza jana. Ya mtoto inakwenda tu. Tulituma ya kwetu mwezi wa kumi na mbili, hakuna aliyenipigia simu kuniuliza huyu mtoto alifika wapi."

Mwanasheria alicheka, akaona amecheka peke yake, akaacha. Ndipo Romani akasimama bila kuitwa. Alikuwa na jalada la kahawia kwapani. Akalifungua.

"Humu nina majina sitini na matatu," alisema. "Wote walipitia mezani kwangu mwaka huu na uliopita. Nilijaza, nikagonga mhuri. Leo hii mkiniuliza mmoja tu yuko wapi, amelala wapi jana, siwezi kuwaambia." Akakaa. Nililia pale pale, na mwalimu mkuu akatazama ubao.

Nikodemo alipewa barua ya onyo na kitabu chake kikachukuliwa kama ushahidi. Lakini gari lilikuwepo na mafuta yalikuwemo, kwa hiyo mkuu wa idara, ambaye nadhani alikuwa na watoto wake, akamwambia dereva ampeleke Romani Gulwe. Akamwona Erica, akaona chumba, akaona kuku, akaongea na mwalimu wa shule, akaandika ripoti juu ya goti na barua juu ya boneti. Mchakato wote wa miezi saba uliisha kati ya saa sita na saa kumi. Erica ni wa bibi yake sasa, kwa maandishi, na Daudi ameitwa polisi kwa maandishi pia.

Nikodemo alipendekeza wilayani kwamba kila mtoto anayeripotiwa apewe fomu ya nakala tatu, moja irudi kijijini ndani ya siku saba, isiporudi mtu apigiwe simu. Wakamsifu, wakasema wazo limepokelewa. Mnajua liko wapi sasa. Kitabu kipya cha mbuzi kililetwa wiki ileile.

Romani yeye hakusubiri. Mnada uliofuata alishuka kwenye lori la mbuzi, manyoya mpaka kwenye nywele, akaomba kigoda kwangu na safari hii nikampa supu bila kuombwa. Alikuwa ametengeneza fomu zake mwenyewe, kila moja nakala tatu, akazipanga kwenye pembe ya meza ya Nikodemo. Tulimtania sana. Nilimwambia ifikapo saa tano atakuwa ameshaondoka, maana watu wa huku hawapeleki mambo ya nyumbani mezani.

Saa nne foleni yake ilikuwa imepita chungu changu. Saa tano ilipita zizi la kondoo. Walikuwepo mabibi wenye wajukuu, dada aliyembeba mdogo wake mgongoni, baba mmoja na mapacha, na msichana wa kama miaka kumi aliyejileta mwenyewe, amenyoosha mkono kabla hajafikiwa. Foleni ya mbuzi siku ile ilikuwa fupi. Romani alikuwa amekuja na fomu nane.